Una saratani ya shingo ya kizazi na bado unatamani kuzaa: mwongozo kamili wa kufuata kabla matibabu hayajaanza

Wanawake wengi huniuliza habari ya mtoto wakiwa wameshamaliza mionzi. Mtu anakaa, anaweka mkoba mapajani, anasubiri daktari atoke chumbani, halafu ananong'ona: "Dada, na kuzaa je?" Siku hiyo huwa sina la kumpa. Ovari, yaani vifuko vya mayai, zimeshaungua, kizazi kimeshakakamaa, na jambo ambalo lingezungumzwa miezi miwili nyuma limepita bila mtu yeyote kulitaja.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya wanawake, Dar es Salaam. Namwandikia yule ambaye majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kinachokatwa na kupimwa maabara, ameyapata jana au wiki iliyopita, na matibabu yake bado hayajaanza. Nafasi ya kuuliza ni hiyo, na ni fupi. Usingoje uulizwe. Ukiwa hujaolewa, wahudumu hudhani ni mapema mno kuzungumzia watoto; ukiwa nao wawili, hudhani umetosheka. Sema mwenyewe, siku ya kwanza kabisa: "Natamani bado kuzaa. Kabla hatujaanza, naomba nielezwe nini kinawezekana kwangu."

Na hili nalisema mapema lisije likafichwa chini: kupona kunatangulia. Saratani hii ikikutwa mapema hutibika, ikiachwa huua. Mwaka 2022 iliua wanawake wapatao 350,000 duniani. Njia zote nitakazoeleza zinafaa pale tu ambapo hazikupunguzii nafasi ya kupona. Daktari akisema kwako hakuna njia salama ya kubakiza kizazi, omba akueleze sababu, tafuta maoni ya bingwa wa pili kama moyo haujatulia, lakini usitoroke matibabu.

Hakikisha kwanza ni saratani kweli

Hapa watu huchanganya sana. Doa jeupe linaloonekana kwenye kipimo cha siki si saratani. Ni ishara kwamba huenda seli zimeanza kubadilika, mara nyingi kwa sababu ya virusi vya HPV, na safari ya kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida ni ya miaka. Mabadiliko hayo hutibiwa kwa kugandishwa, kwa kuunguzwa kwa joto, au kwa kukata kipande chembamba cha shingo kwa waya wa umeme. Kizazi hakiguswi. Utabeba mimba kama wengine. Ila kama ulikatwa kwa waya, waambie kliniki ya wajawazito, maana shingo iliyopunguzwa sana huweza kufunguka kabla ya wakati. Kwa hiyo ukiambiwa una mabadiliko ya awali tu na ukapangiwa kutolewa kizazi ilhali unataka watoto, usitie saini siku hiyo. Onana na bingwa mwingine kwanza.

Saratani yenyewe huthibitishwa na kinyama, si kwa macho wala kwa ultrasaundi. Tulimpokea mama mmoja wa miaka 31 kutoka mkoani. Huko alikotoka alikuwa anatokwa damu kila akikutana na mumewe, akaambiwa kizazi kimeharibika, kikatolewa. Hakuna aliyechukua kinyama kabla, na kizazi chenyewe kilitupwa bila kupimwa. Miezi michache baadaye damu ikarudi. Kinyama kilichochukuliwa juu ya uke kikaonyesha saratani. Tukamuuliza uvimbe wa mwanzo ulikuwa na ukubwa gani, angejuaje? Akaishia kwenye mionzi, na hadi leo hakuna anayeweza kumwambia kama awali ilikuwa ndogo ya kutosha kukatwa shingo peke yake. Nikimkumbuka roho huniuma. Damu ya baada ya tendo la ndoa, damu ya katikati ya mwezi, uchafu wenye harufu usioisha: kwa dalili hizi, kinyama kitangulie kisu.

Mara nyingi ndugu ndio hukabidhiwa kichupa wakipeleke maabara wenyewe, kikiwa kwenye mfuko wa rambo. Kama ndivyo kwako, kikague kabla hujaondoka. Ndani kuwe na formalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, si maji ya chumvi wala spiriti, na iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama chenyewe. Kwenye plasta iliyobandikwa kuwe na jina lako kamili, umri, tarehe na mahali kinyama kilipotolewa, na fomu iwe na maelezo yaleyale. Usikiweke kwenye friza. Ukifika maabara, andika namba waliyokipa. Kinyama kilichooza njiani kinakurudisha mwanzo, na wiki unazozihitaji kwa mambo ya uzazi zinaliwa hapo.

Isome karatasi ya majibu

Ipige picha kwa simu, kisha muombe daktari akuonyeshe kwa kidole mambo haya. Usiridhike na "una saratani, tutaanza matibabu".

La kwanza ni aina. Iliyo ya kawaida zaidi ni ya seli bapa, inayofuata ni ya seli za tezi. Zote mbili huweza kuruhusu kubakiza kizazi. Ipo ya tatu, ya seli ndogo, ni nadra na ni kali. Kwa hiyo hakuna bingwa makini atakayekushauri ubakize.

La pili ni kina na upana. Milimita hizi ndizo zinazoamua karibu kila kitu. Saratani iliyozama chini ya milimita 3 huitwa steji ya IA1. Kuanzia 3 hadi chini ya 5 ni IA2. Iliyozama milimita 5 au zaidi lakini upana wake hauzidi sentimita 2 ni IB1. Ikizidi 2 hadi 4 ni IB2. Zaidi ya hapo IB3. Ikianza kutoka nje ya shingo kuelekea ukeni au pembeni, unaingia steji ya pili, na kuendelea. Ukiandikiwa "IB" peke yake bila namba ya mwisho, uliza namba, maana kati ya IB1 na IB3 ndipo mlango wa kubakiza kizazi unapofunguka au kufungwa.

La tatu ni herufi LVSI. Zinaeleza kama seli za saratani zimeonekana ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu. Zikiwepo, tezi za limfu za nyonga nazo lazima zichunguzwe.

La nne ni kingo. Kama ulikatwa kipande, kingo zake zilikuwa safi au saratani imefika ukingoni?

Kisha kuna picha. Kwa anayetaka kubakiza kizazi, MRI ya nyonga, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, ndiyo hufaa zaidi, kwa sababu huonyesha uvimbe umefika umbali gani kutoka mlango wa ndani wa shingo. Gharama yake inauma na foleni ni ndefu, najua. Lakini kama kuna mahali pa kuomba ndugu wachange, ni hapa, kabla ya kisu, si baada yake.

Pale upasuaji unapoweza kubakiza kizazi

Kwa IA1 isiyo na LVSI, kukata koni kunatosha. Koni ni kipande cha shingo chenye umbo la pia, hutolewa chumba cha upasuaji, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo au inayofuata. Kingo zikiwa safi, hayo ndiyo matibabu yako yote. Kinachobaki ni kufuatiliwa. Kingo zisipokuwa safi, hukatwa tena. Namuonea huruma mwanamke wa IA1 aliyetolewa kizazi kizima akiwa na miaka 26 kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba koni ipo.

Kwa IA1 yenye LVSI, na kwa IA2, koni au kukata shingo huambatana na kuchunguza tezi za nyonga.

Kwa IB1 njia inayojulikana zaidi ni trakelektomi. Daktari Mfaransa Daniel Dargent wa Lyon aliitangaza mwaka 1994, na imefanyika sehemu nyingi tangu hapo. Daktari huondoa shingo ya kizazi, nyama ya pembeni yake na sehemu ndogo ya juu ya uke. Mwili wa kizazi unabaki, ovari zinabaki. Kisha anazungusha uzi imara pale chini ili kufanya kazi ambayo shingo ilikuwa ikiifanya, na kizazi kinashonwa na uke. Fikiria mtungi uliokatwa shingo, mdomo ukafungwa kwa kamba.

Kabla ya hapo huchunguza tezi. Hili lielewe vizuri: tezi zikikutwa na saratani, trakelektomi husimamishwa na mpango unageuka kuwa mionzi pamoja na dawa. Utaingia chumba cha upasuaji bila kujua utaamka na lipi. Fomu ya ridhaa iandike yote mawili, na nyumbani waelezwe mapema, mume asije akaambiwa korido na mtu mwenye haraka.

Si kila hospitali inafanya trakelektomi. Inahitaji bingwa aliyesomea saratani za wanawake, si daktari wa upasuaji wa jumla, hata awe hodari vipi. Uliza bila aibu: "Wewe mwenyewe umeshafanya ngapi?" Uliza pia kama atapasua wazi au atatumia matundu madogo na kamera. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika kutoa kizazi kwa saratani hii, waliopasuliwa kwa matundu madogo walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliopasuliwa wazi. Utafiti ule ulihusu kutoa kizazi, si trakelektomi, lakini mabingwa wengi wamekuwa waangalifu tangu hapo.

Uvimbe wa kati ya sentimita 2 na 4 ni eneo gumu. Vituo vichache vikubwa hutoa kemo, yaani dawa za kuua saratani, kwanza ili usinyae, ndipo vikate shingo. Njia hiyo bado inachunguzwa. Atakayekuhakikishia kwamba utapona na utazaa kwa njia hiyo anakupa ahadi asiyoweza kuitimiza.

Ukiwa unahitaji mionzi

Wengi wetu Afrika Mashariki tunafika hospitali tukiwa steji ya pili au ya tatu, kwa hiyo sehemu hii inawahusu wengi. Hapo matibabu ni mionzi ya nje kwa wiki kama tano, dawa ya kemo iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki, na mionzi ya ndani mwishoni. Huponya wengi. Lakini nyonga hupokea grei (kizio cha kupimia mionzi) 45 hadi 50, wakati grei 2 tu zinatosha kuua nusu ya mayai machanga kwenye ovari. Na kizazi kilichopigwa kipimo kamili hakiwezi tena kutanuka na kulea mimba kwa usalama. Nalisema wazi kwa sababu nimeona watu wakiuziwa dawa za kusafisha kizazi baada ya mionzi. Hakuna dawa ya kurudisha kizazi hicho.

Kinachoweza kuokolewa ni ovari na mayai.

Ovari huweza kuhamishwa. Kabla ya mionzi, daktari huzifungua pale nyongani, akazipandisha pamoja na mishipa yake ya damu hadi ubavuni, juu ya mfupa wa nyonga, akazishikiza hapo na kuweka vibanio vidogo vya chuma ili wapangaji wa mionzi wazione kwenye picha. Kwa tundu dogo la kamera, unaweza kuanza mionzi bila kuchelewa sana. Sharti moja: daktari wa upasuaji na wa mionzi wazungumze kabla. Kuhamisha ovari halafu ramani ya mionzi ikazifuata kulekule juu ni kazi bure. Hata ikifanyika vizuri, si wote ovari zao hubaki kufanya kazi, na kwa aliyekaribia miaka 40 faida hupungua. Kwa saratani ya seli bapa, hatari ya ugonjwa kujificha kwenye ovari ni ndogo sana, chini ya 1 kati ya 100. Kwa ile ya seli za tezi ni kubwa zaidi, kwa hiyo jadilini.

Faida yake kubwa wengi hawaitaji: hata usipozaa kamwe, ovari zinazofanya kazi hukuepusha na kukoma hedhi ukiwa na miaka 28. Yaani joto la ghafla usiku, uke mkavu, mifupa inayodhoofika mapema.

Njia ya pili ni kugandisha mayai, au viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, kama una mume. Sindano za kuchochea ovari huchukua siku 10 hadi 14, na siku hizi huanza siku yoyote ya mzunguko, huhitaji kusubiri hedhi. Kisha mayai hunyonywa kwa sindano na kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa kawaida sindano hupita ukeni. Kwako wewe mwenye uvimbe hapo, inaweza kumwaga damu nyingi au kubeba seli za saratani. Mwambie daktari wa upandikizaji mimba ugonjwa wako ulipo, na muulize kama atapitia tumboni. Kliniki za upandikizaji zipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Usitegemee bima. Piga simu uulize bei tatu tofauti: ya dawa, ya kuvuna, na ya kuhifadhi kila mwaka. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika.

Mayai yatabebwa na nani, ikiwa kizazi kimepigwa mionzi? Na mwanamke mwingine, hakuna njia nyingine ya kawaida. Hapa kaeni chini na mwanasheria, na pia na dini yenu. Wanazuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu mwanamke mwingine kubeba mimba hiyo, na wanaoruhusu upandikizaji huweka sharti kuwa uwe ndani ya ndoa iliyo hai. Kanisa Katoliki halikubali upandikizaji wa maabara kabisa. Mwanamke anayejua hivyo mapema anaweza kuchagua kuhamisha ovari tu kwa ajili ya homoni, na kuweka akiba fedha za kugandisha. Ni uamuzi wa heshima, ilimradi ni wake. Na kwa asiyeolewa, mayai peke yake ni salama kuliko viinitete, kwa sababu kiinitete kina wenyewe wawili na wawili hao wanaweza kuachana.

Zipo sindano za kulaza ovari wakati wa kemo. Zinaweza kusaidia kidogo dhidi ya dawa, lakini mionzi hazizuii. Usilipie ukidhani zinazuia.

Ukimaliza mionzi na hedhi ikakoma, omba kuzungumzia homoni mbadala. Saratani ya seli bapa haichochewi na homoni hizo. Ila kwa kuwa kizazi bado kipo, estrojeni iende na projestini, si peke yake.

Kikao chenyewe

Nenda na mtu mmoja anayeandika, si watano wanaolia. Uliza steji yako hasa, na milimita. Uliza: "Nina wiki ngapi ambazo hazitaharibu nafasi yangu?" Jibu hilo ndilo ratiba yako, kama ni mbili, sindano za kuvuna mayai zianze kesho. Uliza ni viungo gani vitatolewa, kimoja kimoja, na hasa kama ovari zinabaki, maana zimewahi kutolewa kwa mazoea bila mwenyewe kujua.

Kama unaishi na VVU, sema mapema na usiache dawa zako. Wanawake wenye VVU hupata saratani hii mara sita zaidi ya wengine, tunaowatibu ni wengi, na VVU peke yake si sababu ya kunyimwa mazungumzo haya. Kama una mimba sasa hivi, usikubali uamuzi wa haraka: kwa ugonjwa mdogo, mara nyingine matibabu husubiri mtoto akomae, lakini hilo ni la jopo la mabingwa, si la mtu mmoja.

Wakwe watasema lao. Shangazi ataleta mizizi. Wapokee kwa adabu, lakini miezi mitatu ya kunywa dawa za kienyeji kwanza imetosha kuivusha IB1 hadi mahali ambapo trakelektomi haiwezekani tena.

Ukishakatwa shingo na kizazi kikabaki

Zuia mimba kwa miezi 6 hadi 12 ili kidonda kipone na uthibitike uko salama. Miaka 2 ya mwanzo utaitwa kila miezi 3 hadi 4. Usikose hata moja kwa kuwa unajisikia mzima. Hedhi ikikoma huku tumbo likiuma kila mwezi, rudi upesi: huenda tundu limebana na damu imefungiwa ndani. Hutanuliwa, si jambo la kutisha. Kubana huko huko huweza kuchelewesha mimba, na wengine huhitaji msaada wa kupandikizwa mbegu.

Mimba ikishika, ianzie hospitali kubwa yenye wodi ya watoto njiti. Kutoka mimba miezi ya kati, chupa kupasuka mapema na mtoto kuja kabla ya wakati hutokea zaidi kuliko kwa wengine, ingawa wengi hufika na mtoto mikononi. Kujifungua ni kwa upasuaji, kwa sababu uzi bado upo. Uchungu ukikuanza, hata kidogo, usisubiri asubuhi.

Ule uzi hauonekani kwa nje, na mkunga wa zamu ya usiku hakujui. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kliniki muombe muuguzi aandike kwa wino mwekundu juu kabisa ya kadi yako, na kadi hiyo itembee nawe mpaka sokoni: "Shingo ya kizazi ilikatwa kwa saratani. Kuna uzi wa kudumu. Asijifungue kwa njia ya kawaida."